Mudra ni za kutuliza akili, si za kuzuia mshtuko wa moyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua wa gazeti lako ili nizungumzie picha ya mkono ambayo bila shaka wasomaji wako wengi wamekwisha kutumiwa kwenye simu zao. Katika picha hiyo kidole cha shahada kimekunjwa mpaka ncha yake ikagusa shina la kidole gumba, kidole cha kati na cha pete vimeinama kukutana na ncha ya gumba, na kidole cha mwisho kimenyooshwa peke yake. Maelezo yanayoambatana nayo husema kwamba mtu akipatwa na maumivu ya kifua, akikunja vidole vyake hivyo katika mikono yote miwili, moyo wake utapata nafuu kwa haraka ileile ya kidonge kinachowekwa chini ya ulimi. Walimu wa yoga huuita mkao huo apana vayu mudra, mmojawapo wa mikao ya mikono na vidole iitwayo mudra, na ujumbe unaousifu huzunguka katika makundi ya WhatsApp ya familia, ya misikiti, ya jumuiya na ya wastaafu, mara nyingi ukiwa na jina la daktari fulani asiyejulikana anafanya kazi wapi.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikifanya yoga, na siku za Jumamosi asubuhi huongoza kikundi cha wazee na watu wa makamo wa mtaani kwetu katika mazoezi mepesi ya viungo, ya kupumua na ya taamuli, yaani kukaa kimya na kuikusanya akili mahali pamoja. Mudra nazipenda, nazitumia na nazifundisha, na nimeshuhudia zikiwasaidia watu waliokuwa hawalali usiku. Kwa sababu hiyo inanitia uchungu kuona kitu chenye faida ya kweli kikibebeshwa ahadi ambazo hakiwezi kuzitimiza, na tena ahadi ambazo mtu akiziamini kwa saa moja tu anaweza kupoteza uhai.

Ni vizuri kwanza tuelewe mikao hii ya mikono imetoka wapi, kwa sababu wanaosambaza picha hutuambia kwamba ni sayansi ya kale iliyothibitishwa na maelfu ya miaka. Kwamba ni ya kale hakuna ubishi. Katika sanamu za Buddha, mikono ndiyo inayomweleza mtazamaji ni tukio gani linalokusudiwa: kiganja cha kulia kilichoinuliwa usawa wa bega huwaondolea watu hofu, mkono wa kulia unaoshuka kuigusa ardhi hukumbusha usiku wa kuamka kwake kiroho chini ya mti pale Bodh Gaya nchini India, na sanamu mashuhuri ya Sarnath, iliyochongwa katika karne ya 5, ina mikono miwili iliyokutana kifuani kuonyesha kwamba Buddha anafundisha. Wacheza ngoma za jadi za India nao wana hazina yao. Natyashastra, kitabu chao cha kale cha sanaa za jukwaani, hutaja mikao 24 ya mkono mmoja na 13 ya mikono miwili iliyounganishwa, na hadi leo mchezaji wa Bharatanatyam hutumia mikao ya namna hiyo kumwonyesha mtazamaji yungiyungi lililochanua, nyuki au swala, bila kutamka neno lolote. Huko ndiko mikono imefanya kazi yake kubwa kwa karne nyingi: katika ibada, katika uchongaji na katika ngoma.

Ukigeukia vitabu vya yoga yenyewe utakuta jambo ambalo huwashangaza hata walimu. Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15 ambacho madarasa mengi hukitegemea, kina mudra 10 katika sura yake ya tatu, na mudra hizo ni za mwili mzima: kubana koo, kuvuta tumbo ndani, kuinua miguu huku kichwa kikiwa chini, kuurudisha ulimi nyuma ya kaakaa. Orodha tunayoiona kwenye simu, ambamo gumba limepewa moto, kidole cha shahada hewa, cha kati anga, cha pete udongo na cha mwisho maji, kisha kila mgusano wa vidole ukapewa ugonjwa wake wa kuponya, haimo katika sura hiyo. Mtu anayesema kwamba kila mudra ya vidole inayotangazwa leo imeandikwa na wahenga wa yoga kama tiba ya kisukari au ya tezi, anawasemea wahenga wasiyoyasema.

Wala sisemi kwamba wahenga hao hawakudai uponyaji. Walidai, na kwa maneno makubwa. Mahamudra, mojawapo ya mudra 10 za sura hiyohiyo, husifiwa kwamba huondoa kifua kikuu na ukoma. Nimefanya kazi katika wodi walimolazwa wagonjwa wa maradhi yote mawili, na najua yanavyopona. Ukoma hutibiwa kwa mchanganyiko wa rifampisini, dapsoni na klofazimini, kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina yake, utaratibu ambao Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mwaka 1981 na ambao umewarudisha watu wengi kwenye mashamba yao na kwa watoto wao. Sijapata kumsikia mwalimu yeyote wa yoga mwenye dhamiri anayemwambia mgonjwa wa ukoma aache dawa hizo kwa kuwa kitabu cha karne ya 15 kimesema mahamudra inatosha. Tumekubali, bila kugombana na bila kukivunjia heshima kitabu, kwamba katika jambo hilo elimu imesonga mbele. Sioni kwa nini tusikubali hivyohivyo kuhusu moyo, shinikizo la damu na kisukari.

Msomaji ana haki ya kuniuliza mudra zina kazi gani basi, na kwa nini ninaendelea kuzifundisha. Nitajibu kwa kueleza mkao mmoja tu, ule ninaoutumia kuliko mingine yote, ambao Wabuddha wa Zen nchini Japani huutumia wanapokaa kimya. Mtu hukaa wima, juu ya mto sakafuni au kwenye kiti cha kawaida nyayo zikiwa chini, akaulaza mkono wa kushoto juu ya ule wa kulia, viganja vyote viwili vikitazama juu na mikono ikiegemea sehemu ya chini ya tumbo. Kisha ncha za vidole gumba hukutana kwa wepesi, bila kusukumana, hata nafasi iliyobaki kati ya gumba na vidole vingine ikawa na umbo la yai. Hapo hakuna kingine cha kufanya ila kupumua na kuulinda mguso huo mdogo.

Uzuri wa mkao huu ni kwamba haumfichi mtu. Akili ikianza kusinzia, ncha za gumba huachana zenyewe, au vidole huporomoka polepole kuingia viganjani, na umbo la yai hupotea kabla hata mwenyewe hajajua kwamba amesinzia. Mtu akiwa amejikaza, ana hasira aliyokuja nayo kutoka nyumbani au anahesabu madeni kichwani, vidole gumba husukumana mpaka vikachongoka juu. Ninapokaa mbele ya kikundi huona katika mikono ya watu kile ambacho nyuso zao zimejifunza kukificha, na wao wenyewe, baada ya majuma machache, huanza kukiona bila mimi kuwaonyesha. Mwenye kugundua kwamba gumba limeporomoka hunyoosha mgongo, hurudisha ncha zikutane, na huendelea. Zoezi lote ni kurudi huko, tena na tena, kwa upole.

Katika kikundi chetu yuko bibi mmoja aliyefiwa na mumewe, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akikaa nasi huku machozi yakimtoka. Siku moja aliniambia, "Nesi, ukiniambia nitulize akili, sijui nianzie wapi, kwa sababu akili yenyewe ndiyo inayoniumiza. Ukiniambia niangalie kama vidole vyangu bado vimegusana, hilo nalijua." Sijapata maelezo bora kuliko hayo katika vitabu vyote nilivyosoma. Akili iliyojeruhiwa haiwezi kutulizwa kwa amri, lakini inaweza kupewa kazi ndogo, ya karibu, isiyo na uchungu, na mbuzi aliyefungwa kamba kwenye kigingi hata akizunguka vipi kamba humrudisha. Kwa bibi yule kigingi kilikuwa ncha mbili za vidole.

Kuna sababu ya kimwili inayofanya mguso mdogo kiasi hicho uwe na nguvu ya kuishika akili. Katika miaka ya 1930 Wilder Penfield, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo aliyefanya kazi Montreal nchini Canada, aligusa kwa umeme hafifu ubongo wa wagonjwa waliokuwa macho wakati wa upasuaji, akaandika kila mara ni kiungo gani kilichosisimka. Ramani aliyoipata ilionyesha kwamba mikono, na hasa kidole gumba, imetengewa eneo kubwa mno la ubongo, kubwa kuliko lile la kiwiliwili kizima. Ncha za vidole zina vipokezi vya mguso vilivyosongamana kuliko karibu sehemu yoyote nyingine ya ngozi, na ndizo zinazomwezesha asiyeona kusoma maandishi ya nukta na fundi cherehani kutambua kitambaa gizani. Tunapoikusanya akili kwenye ncha hizo, tunaipeleka mahali ambapo habari zinaingia kwa wingi na kwa uwazi kila sekunde, na akili iliyojaa habari ya sasa haina nafasi kubwa ya kuzunguka katika hofu ya kesho.

Wapo waandishi wanaochukua ramani hiyohiyo ya Penfield na kuruka nayo mpaka kudai kwamba kubonyeza kidole cha pete huamsha ini, au kwamba gumba likikandamiza kidole fulani kongosho hutoa homoni ya insulini. Ramani haisemi hivyo. Neva zinazohudumia vidole hupanda mkononi, zikapita kwapani na kuingia kwenye uti wa mgongo katika eneo la shingo; kazi yake ni kuleta habari za mguso, joto na maumivu, na kupeleka amri kwa misuli. Hazina njia ya mkato kwenda kwenye kongosho.

Nafuu ambayo watu wengi huipata katika mazoezi haya, kwa maoni yangu, inaletwa zaidi na pumzi. Mtu mzima aliyepumzika hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, na mwenye wasiwasi huzidisha hapo, tena kwa pumzi fupi za kifua cha juu. Anapokaa vizuri, mabega yakashuka na tumbo likaachiwa, anaweza bila kujilazimisha kufika karibu na mara 6 kwa dakika, akiirefusha pumzi ya kutoka kuliko ya kuingia. Kila tunapotoa pumzi mapigo ya moyo hupungua kidogo, kwa kuwa neva ya vagasi, ambayo hushuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, huupunguzia moyo kasi. Kwa hiyo pumzi ndefu ya kutoka ni mapumziko madogo ya moyo yanayojirudia. Mikono iliyotulia mapajani husaidia mabega yasipande na humpa mtu mahali pa kuhesabia. Mimi huwafundisha wageni wagusishe gumba na kidole cha shahada katika pumzi ya kwanza, gumba na cha kati katika ya pili, kisha cha pete, kisha cha mwisho, halafu warudi walikotoka. Akikosea hesabu anajua kwamba ameondoka, na anaanza upya. Kwa mtu aliyeamka saa tisa ya usiku na hofu kifuani, mizunguko michache ya namna hiyo ni msaada mkubwa, tena hauna gharama, na anaweza kuufanya chini ya shuka bila kumwamsha mwenzake.

Hayo ni mengi, Ndugu Mhariri, nami naona yanatosha kuifanya mudra iwe kitu cha kufundishwa shuleni, katika vituo vya wazee na katika wodi za wajawazito wanaosubiri uchungu. Hayahitaji kuongezewa chumvi.

Sasa nirudi kwenye moyo. Mshtuko wa moyo, katika hali iliyo ya kawaida zaidi, hutokea damu inapoganda ndani ya mshipa unaolisha msuli wa moyo na kuuziba. Msuli uliokosa damu huanza kufa ndani ya muda usiofika saa moja, na kila dakika inayopita sehemu iliyokufa huongezeka. Hata kidonge cha nitrogliserini kinachowekwa chini ya ulimi, ambacho picha ile inajilinganisha nacho, hakiyeyushi damu iliyoganda. Kazi yake ni kutanua mishipa na kupunguza maumivu, na mgonjwa aliyekinywa bila nafuu huambiwa akimbilie hospitali. Kinachookoa ni kufika mahali ambapo mshipa unaweza kufunguliwa, ama kwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ama kwa mrija mwembamba unaopitishwa mkononi au pajani hadi kwenye moyo, kazi ambayo leo inafanyika hapa nchini katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Mtu mwenye maumivu yanayobana kifua, yanayoshuka mkono wa kushoto au kupanda tayani, akitokwa na jasho la baridi na kukosa pumzi, hana dakika za kukaa sebuleni akikunja vidole na kusubiri aone. Wanawake na wenye kisukari huweza hata wasipate maumivu makali, bali uchovu wa ghafla, kichefuchefu na kuishiwa pumzi, na hao ndio ambao ujumbe wa kutuliza huwachelewesha zaidi, kwa sababu wenyewe tayari wanadhani ni gesi tumboni.

Shinikizo la damu ni hatari ya namna nyingine, ya polepole. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu wapatao bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wanaishi nalo, na kwamba karibu nusu yao hawajui kwamba wanalo, kwa kuwa presha iliyopanda kwa kawaida haiumi. Hapo ndipo taamuli inapoweza kumdanganya mtu bila kukusudia. Mzee mmoja wa kikundi chetu, mtu mwenye nidhamu ambaye hakosi kuhudhuria, alinieleza kwa furaha kwamba ameacha vidonge vya presha, kwa sababu tangu aanze mudra analala vizuri, hana hasira na kichwa kimekuwa chepesi. Yote aliyoyasema yalikuwa kweli. Tulipompima palepale, amekaa, ametulia, mkono juu ya meza, mashine ilionyesha 190 kwa 110. Tulirudia baada ya muda, na namba haikubadilika sana. Alikuwa anajisikia mzima huku mishipa yake ikibeba mzigo unaoweza kumletea kiharusi wakati wowote. Nashukuru kwamba siku hiyohiyo alikubali kurudi kliniki, na bado yuko nasi, vidonge mfukoni na mudra mapajani, wala havigombani.

Kuhusu kisukari nitasema jambo moja tu. Kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye mwili wake hautengenezi insulini, akiacha sindano zake kwa sababu ameahidiwa kwamba mkao fulani wa vidole utaamsha kongosho, anaweza kuwa mahututi ndani ya siku chache. Kabla insulini haijagunduliwa mjini Toronto mwaka 1921, watoto wenye maradhi haya walikuwa wakifa mbele ya wazazi wao, na hakuna mkao wa mwili uliowaokoa.

Najua pia kwamba baadhi ya wasomaji wako wana wasiwasi wa dini, na wasiwasi huo unastahili jibu la heshima, kwa sababu mikono iliyounganishwa kifuani nchini India ni salamu na vilevile ni ibada, na mwalimu anayeficha asili hiyo hawatendei haki wanafunzi wake. Wenzetu wa nchi nyingine wameligusa suala hili kwa njia mbalimbali. Nchini Malaysia, mwezi Novemba mwaka 2008, Baraza la Taifa la Fatwa liliwakataza Waislamu yoga inayochanganya mwendo wa mwili na ibada na maneno ya Kihindu, na siku chache baadaye waziri mkuu wa wakati huo, Abdullah Badawi, akasema kwamba mazoezi ya mwili yasiyo na maneno hayo hayana kizuizi. Saudi Arabia, mwezi Novemba mwaka 2017, iliitambua yoga kuwa shughuli ya michezo inayoweza kupewa leseni. Katika kikundi chetu, ambacho kina Waislamu na Wakristo, hatutamki maneno ya ibada ya dini yoyote, na ambaye moyo wake hautulii kwa mkao fulani huweka viganja vyake magotini, akapumua kama wengine na asipungukiwe na chochote. Mmoja wa kina mama wa Kiislamu alitukumbusha kwamba kuhesabu tasbihi kwenye vidole ni jambo alilolelewa nalo, na kwamba Mtume aliwahimiza wanawake kuhesabu kwa ncha za vidole vyao. Mwenzake Mkatoliki alisema vidole vyake vimeizoea rozari tangu utotoni. Sikuwasikia wakisema kwamba mambo hayo ni sawa na yoga, wala mimi sisemi hivyo. Walikuwa wakieleza tu kwamba mkono unaoisaidia akili isitawanyike si kitu kigeni katika nyumba zao.

Yapo pia mambo madogo ambayo walimu wanaojifunza kwa video huyasahau. Vidole vya mwenye baridi yabisi havipaswi kulazimishwa kukutana. Gumba likikaribia bila kugusa panatosha, na kama asubuhi viungo vimekakamaa ni heri kuvilowesha kwanza katika maji ya vuguvugu. Anayepata ganzi katika gumba na vidole vinavyolifuata, hasa usiku, huenda neva yake imebanwa kwenye kifundo cha mkono, na kukaa na kifundo kimekunjwa kutamzidishia. Mkono wake ukae umenyooka juu ya paja, kisha aende akaonwe na daktari. Magoti ya wazee wengi hayafai kukunjwa sakafuni, na kiti hakipunguzi thamani ya taamuli. Lililo zito zaidi ni kwamba wapo watu, hasa waliopitia ukatili au msiba wa ghafla, ambao kufumba macho na kukaa kimya huwarudishia yale waliyoyakimbia. Mtu wa namna hiyo afumbue macho, atazame mbele, akae muda mfupi tu, na mwalimu asimshikilie kwenye mkeka kwa kumwambia kwamba maumivu ndiyo dalili ya kupona.

Maombi yangu ni machache, na ninayaelekeza kwako wewe Mhariri pamoja na wenzangu wanaofundisha. Kurasa za afya zinapoandika kuhusu mudra, ziandike kwamba zinasaidia kutuliza akili, kupumua taratibu na kuupata usingizi, na makala yasomwe na mhudumu wa afya kabla ya kuchapishwa. Mkichapa picha ya mkono, maelezo yake yaseme kinachofanyika na vidole na kwa muda gani, wala yasitaje jina la ugonjwa unaodaiwa kuponywa. Walimu wenzangu nao wamuulize kila mgeni, kabla ya kumpa mkeka, anatumia dawa gani, na wamwambie waziwazi, mbele ya wengine ili wote wasikie, kwamba hakuna dawa inayoachwa bila idhini ya aliyeiandika.

Ombi la mwisho linahusu tarehe 21 Juni, Siku ya Kimataifa ya Yoga, ambayo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliipitisha tarehe 11 Desemba 2014 na ambayo huadhimishwa pia hapa Dar es Salaam. Yoga ya India iliingizwa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika ya UNESCO mwaka 2016, katika kikao kilichofanyika hapa Afrika Mashariki, mjini Addis Ababa, na heshima hiyo inatuwajibisha sisi tunaoifundisha kuliko inavyotupamba. Nawaomba waandaaji wa siku hiyo waweke mlangoni meza ya kupima shinikizo la damu na sukari, ili kila anayekuja kukaa kimya na mikono yake mapajani aondoke pia na namba zake zimeandikwa kwenye karatasi ya kupeleka kliniki. Kikundi chetu kiko tayari kuleta mashine yake, na wauguzi wastaafu tuliomo humo tutajitolea kukaa mezani tangu watu wanapoanza kuingia hadi wa mwisho anapoondoka.

Wako katika kuijenga afya ya jamii,

Muuguzi mstaafu,
Upanga, Dar es Salaam